Kibao cheupe mlangoni mwa Biograph

Usiku wa Jumapili, Julai 22, 1934, jiji la Chicago lilikuwa likitokota kwa joto. Ndani ya ukumbi wa sinema wa Biograph, Lincoln Avenue, John Dillinger alikuwa ameketi na wanawake wawili akitazama Manhattan Melodrama, filamu ya majambazi iliyochezwa na Clark Gable, William Powell na Myrna Loy. Jambazi aliyesakwa kuliko wote Marekani alikuwa amelipia tiketi atazame majambazi wa kuigiza. Nje, askari kanzu wa shirika la upelelezi ambalo leo huitwa FBI walikuwa wametawanyika kando ya barabara na kwenye uchochoro wa jirani, na mmoja wa wakuu wao, Melvin Purvis, alisimama karibu na lango akiwa na sigara nene ambayo hajaiwasha. Walikuwa wamekubaliana kwamba akiiwasha, mtu wao ametoka.

Filamu ikaisha, watu wakamiminika nje, kiberiti kikawaka. Dillinger aligutuka, akakimbilia uchochoroni, akaanguka kabla hajafika mbali.

Kuna watu ambao wakisoma habari hii hawaoni historia tu. Wanaona lango, kibanda cha tiketi, ukuta mrefu wa matofali na mdomo wa uchochoro. Wanaona mtu mmoja wa kupigwa katikati ya kundi la watu wasiopaswa kuguswa. Kisha wanachukua penseli. Hao ndio wabunifu wa vituo vya mashindano ya kulenga shabaha, na kazi yao ni kama ya fundi anayejenga pazia la nyuma kwenye mchezo wa kuigiza. Tofauti ni kwamba mwigizaji wao amebeba bastola yenye risasi za kweli.

Msomaji aliyezoea ulengaji wa Olimpiki, ambapo mtu husimama wima kama mlingoti mita 10 kutoka kwenye shabaha na kuvuta pumzi kwa hesabu, itambidi abadilishe picha kichwani. Mchezo tunaouzungumzia ni wa vitendo. Mlengaji hutembea, hukimbia, huchungulia dirishani, hupiga magoti nyuma ya pipa na kubadilisha magazini huku kifaa kinachosikia mlio wa risasi kikihesabu sekunde zake. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IPSC, lilizaliwa Columbia, Missouri, mwezi Mei 1976, na kaulimbiu yake ni maneno matatu ya Kilatini yanayozungumzia umakini, nguvu na kasi. Alama za mlengaji hugawanywa kwa muda alioutumia, kwa hiyo mwenye haraka asiye na shabaha hashindi, wala mwenye shabaha aliyelala. Mwaka 1996 likaanzishwa shirikisho jingine, IDPA, lililotaka mashindano yafanane zaidi na mkasa wa kweli wa mtu anayejihami, ambapo bastola hufichwa chini ya koti na mlengaji hufyatua akiwa amejikinga.

Wapo pia wale wa kofia pana. Chama cha SASS kilichoundwa 1987 huendesha mashindano ya silaha za zama za wachunga ng'ombe, na humo huingii kwa jina lako la kuzaliwa. Lazima uwe na lakabu, na lazima uvae nguo za wakati ule. Kabla ya kengele mlengaji hutamka sentensi aliyoandikiwa kwenye hadithi ya kituo, mara nyingi maneno ya kujigamba, ndipo muda uanze. Mtu mzima, labda mhasibu au daktari wa meno, anasimama juani akiwa amevaa kizibao na buti na kupaza sauti kwamba benki hii haiibiwi leo. Ukicheka, umeingia mchezoni. Katika chama hichohicho kuna mashindano ya Wild Bunch, ambayo silaha zake zinafika mwanzoni mwa karne ya 20, yaani bastola aina ya 1911 na bunduki ya marisau ya Winchester ya 1897. Hapo tunakaribia kabisa zama za magenge ya magendo ya pombe.

Mbona basi majambazi wa kale, si wa jana? Jibu rahisi ni mavazi. Kofia za kupinda ukingo, koti refu, gari la Ford lenye taa kama macho ya chura, vyote vinapendeza. Lakini sidhani kwamba ndilo jibu lote. Tukio la kale limeshapoa, na mtu anaweza kulishika bila kuungua. Katika uwanja wa Kirigiti, Kaunti ya Kiambu, wamiliki wa bastola wenye leseni hufanya mashindano ya mfumo wa IDPA, na sioni mbunifu mwenye akili timamu anayeweza kuwachorea kituo cha duka kubwa la Nairobi. Septemba 21, 2013, miongoni mwa watu wa kwanza kuingia Westgate, jumba la maduka lililokuwa limeshambuliwa, kuokoa watu walikuwa raia wenye silaha za leseni, bega kwa bega na askari waliovaa kiraia. Wapo walio hai wanaokumbuka harufu ya siku ile. Hiyo haichorwi kwenye plaiwudi.

Hata ukale peke yake hautoshi. Hapa ndipo nakosana na wabunifu wengi.

Chukua mauaji ya siku ya Mtakatifu Valentino, Februari 14, 1929. Hakuna tukio la magenge linalojulikana kuliko hilo, na mtu akisema anataka mashindano ya mtindo wa Chicago ya kale, ndilo la kwanza kutajwa. Katika gereji ya namba 2122 North Clark Street, wanaume saba waliamriwa kusimama wakiutazama ukuta. Wauaji walikuwa wanne, wawili wamevaa sare za polisi, na bunduki mbili za Thompson zikamimina risasi takriban 70. Kati ya wale saba, mmoja alikuwa fundi wa magari na mwingine alikuwa mtaalamu wa miwani aliyependa kukaa na wahuni. Bugs Moran, kiongozi wa genge lililolengwa, hakuwapo.

Sasa kijenge kituo hicho. Unaweka vibao saba mbele ya ukuta, mlengaji anafyatua kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha? Hakuna cha kufumbua wala cha kuamua, hakuna pa kujificha, na aliyesimama mahali pa mlengaji ni muuaji. Ukiondoa kofia na koti, umebaki na zoezi la mwanafunzi wa juma la kwanza, tena lenye ladha mbaya mdomoni. Matofali ya ukuta ule wa kweli leo yako kwenye jumba la makumbusho la Mob Museum, Las Vegas, lililofunguliwa Februari 14, 2012, na hapo ndipo mahali pake.

Mkasa huo una upande mwingine ambao wabunifu huupita bila kuuona. Mtaalamu aliyeitwa Calvin Goddard alichunguza maganda na risasi zilizookotwa gerejini. Polisi wa Michigan walipokuta bunduki mbili za Thompson katika nyumba ya jambazi Fred Burke mwezi Desemba mwaka uleule, Goddard alizilinganisha chini ya hadubini na kuthibitisha kwamba ndizo. Kachero wa hadubini ana kituo kizuri kuliko muuaji wa gereji. Mpe mlengaji picha ya alama tatu kwenye ganda la risasi, aitazame kwa sekunde chache, kisha aingie kwenye chumba chenye vibao vinne vyenye alama zinazokaribiana, na kimoja tu ndicho chake. Kwa mashindano ya klabu, ambapo watu wamekuja kufurahi, sijui kitu kitakachowafanya wakune kichwa zaidi ya hicho.

Mfano wa pili ni Coffeyville, Kansas, Oktoba 5, 1892. Genge la ndugu wa Dalton lilikwenda kuiba benki mbili kwa wakati mmoja, katika mji ambao watu waliwafahamu sura. Ujinga wa tamaa, naam, lakini sikiliza lililowaangusha. Walitarajia kuwafunga farasi wao karibu na benki, kumbe barabara ilikuwa imechimbuliwa kwa matengenezo na vigingi vya kufungia farasi vimeondolewa. Wakawafunga uchochoroni, mbali. Wenyeji wakawatambua, wakakimbilia duka la vyuma na kugawana bunduki zilizokuwa rafuni. Uchochoro ukageuka mtego. Majambazi wanne walikufa na wenyeji wanne pia. Emmett Dalton alinusurika na majeraha zaidi ya 20.

Kigingi kilichoondolewa kiliamua nani aishi. Mbunifu anayelijua hilo hataanzia na mavazi, ataanzia na umbali. Mlengaji wake asimame nyuma ya kaunta ya duka, mikono mitupu, bunduki ikiwa tupu juu ya rafu na risasi ndani ya sanduku la misumari. Kengele ikilia ajaze haraka, atoke, akute uchochoro mrefu wenye maficho upande mmoja tu. Hakuna haja ya kumwambia apige kipi kwanza. Umbali utamwambia.

Hapo panaonyesha tofauti ya mifumo. Kwenye mashindano ya SASS mpangilio huandikwa, kipi kwanza, kipi cha pili, na anayekosea mpangilio huongezewa sekunde 10 wakati kukosa kibao ni sekunde 5. IPSC ina sheria ya kinyume, kwamba mlengaji aachwe afumbue mwenyewe. Kituo kirefu hakizidi risasi 32, cha kati 24, kifupi 12, na ndani ya mipaka hiyo njia ni yake. Kwa hadithi za kijambazi naupenda zaidi uhuru huo. Hadithi inayomshika mlengaji mkono hatua kwa hatua ni maelezo ya kukusanya kabati. Nikiwa bado kwenye ulalamishi, niseme pia kwamba kasha la fidla lenye bunduki ndani limechosha. Limetoka kwenye sinema na limekaa kwenye kila kituo cha Chicago ya kale kama chumvi kwenye kila chungu. Lipumzishwe.

Kabla ya ladha lakini kuna udongo. Kituo chochote huanza na tuta, ule ukuta wa udongo unaomeza risasi, na michoro yote hutoka hapo kurudi nyuma. Mtutu wa mlengaji hauruhusiwi kuvuka mstari wa kufikirika unaopita mabegani mwake sambamba na tuta. Ukigeuka nyuma yake, hata kwa nukta ya sekunde, mashindano yamekwisha kwako na unafungasha virago. Kwa hiyo kumfukuza jambazi uchochoroni kunawezekana ikiwa tu uchochoro unaelekea kwenye tuta. Ramani ya kweli ya Chicago itabidi ipindwe. Mlango ufunguke kuelekea mbele, na bawaba zake zikae upande ambao hata anayetumia mkono wa kushoto hatajikuta akijilenga mkono.

Chuma nacho kina masharti. Risasi ikigonga chuma hupasuka na vipande vyake hurudi, ndiyo maana kanuni hudai walau mita 7 kati ya mlengaji na kibao cha chuma. Kwa hiyo gari lile la Ford la kupendeza haliwi gari. Huwa fremu ya mbao, plaiwudi iliyopakwa rangi nyeusi na magurudumu mawili ya mkokoteni, na likichorwa na mtu mwenye mkono mzuri, ukilitazama kwa mbali utaapa lina injini. Kuta za benki huwa turubai au wavu juu ya miti. Bunduki ya Thompson iliyolala mezani ni ya kuchonga. Ile ya kweli, iwe ya kumimina risasi mfululizo, Marekani ilitozwa kodi ya dola 200 kwa sheria ya 1934, mwaka uleule wa Dillinger, wakati fedha hiyo ilikuwa mali ya kweli.

Tena kuna mambo ambayo hadhira haiyaoni. Kituo lazima kirudishwe kama kilivyokuwa baada ya kila mlengaji, vibao vizibwe matundu kwa karatasi ya gundi, chuma kilichoanguka kisimamishwe, mlango ufungwe. Kikundi cha watu 12, kila mmoja akichukua dakika 4, tayari ni karibu saa nzima. Mbunifu anayeweka vitu 20 vya kupangwa upya kwa kila mtu atachukiwa kabla ya saa sita mchana. Mvua nayo huyeyusha kadibodi, na upepo huchukua kofia. Waliozoea hupigilia kofia kwa misumari.

Turudi Lincoln Avenue, maana kituo cha Biograph ndicho nilichokichora mwenyewe kwenye karatasi mara nyingi kuliko vyote. Mlengaji ni Purvis. Anasimama kando ya kibanda cha tiketi, ameshika kijiti cha mbao badala ya sigara mkono mmoja na kiberiti mkono wa pili, ili mikono yote miwili iwe na kazi kengele ikilia. Anavitupa, anachomoa. Mbele yake ni lango lenye kundi la vibao. Anapokanyaga ubao uliofichwa chini ya zulia, waya unavutwa na kibao kimoja kinaanza kuteleza kutoka katikati ya kundi kuelekea uchochoroni. Huyo ndiye Dillinger, na anaonekana kwa muda mfupi tu kati ya mabega ya wengine. Akikukimbia, una nafasi nyingine kwenye mdomo wa uchochoro, lakini kwa pembe ngumu na pipa katikati.

Waliomzunguka ni vibao vyeupe. Katika lugha ya mchezo, cheupe hakipigwi. Kimoja nimekivika sketi ya rangi ya machungwa, kwa ajili ya Anna Sage, mwanamke aliyemuuza Dillinger kwa maofisa, ambaye dunia humwita mwanamke mwenye nguo nyekundu kwa sababu taa za lango ziliibadilisha rangi. Walengaji hucheka wakiiona sketi, kisha hushangaa jinsi inavyokaa pabaya, mbele kabisa ya nafasi ya kwanza.

Mtu anayeona vibao hivyo vyeupe ni pambo tu akumbuke miezi mitatu kamili kabla ya usiku ule. Aprili 22, 1934, maofisa wa shirika hilohilo, Purvis huyohuyo akiwa miongoni mwa wakuu wao, walizingira nyumba ya wageni ya Little Bohemia, Wisconsin, ambamo Dillinger na genge lake walikuwa wamejificha. Gizani gari lilitoka mlangoni. Maofisa wakaamuru lisimame, halikusimama, wakalimiminia risasi. Waliokuwemo ni wateja watatu wa baa waliokuwa wakirudi zao. Mmoja alikufa, wawili wakajeruhiwa. Milio ile ikawashtua majambazi, wakatokea madirisha ya nyuma na kupotelea kando ya ziwa. Baadaye usiku huo mmoja wa genge hilo, Baby Face Nelson, akamuua ofisa mmoja. Serikali ilipata raia aliyekufa na ofisa aliyekufa, na haikumkamata Dillinger.

Little Bohemia ni kituo kigumu kuliko Biograph, na karibu hakuna anayekijenga. Gari likitoka, jibu sahihi ni kutofyatua. Unaweza kumwambia mlengaji avute pumzi, asubiri mwanga uwake, atazame mikono ya waliomo? Kipima muda kinamsuta, wenzake wanamtazama, na silika yote ya mchezo inamwambia apige. Mimi ningekijenga hivyohivyo, na nusu ya siku ningebadilisha gari liwe lenye majambazi, asubuhi hivi, mchana vile, ili asiyekuwapo asiweze kunong'onezewa jibu.

Shirika la upelelezi lenyewe lilijifunza. Mwaka 1987 FBI ilifungua huko Quantico, Virginia, mji mzima wa mazoezi ulioitwa Hogan's Alley, jina lililotoka kwenye vibonzo vya Richard Outcault vya miaka ya 1890 kuhusu watoto wa mitaa ya mabanda ya New York. Walijenga benki inayoibiwa kila mara, hoteli, duka la dawa, na ukumbi wa sinema uitwao Biograph. Filamu inayotangazwa mlangoni haibadiliki, ni Manhattan Melodrama. Wanafunzi wa upelelezi hupita chini ya jina hilo wakijifunza, pamoja na mengine, ni nani wa kumwacha aende zake.

Na sisi hatuko mbali na somo hilo. Siku ile ya Westgate iliripotiwa kwamba kamanda wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi za upande wake mwenyewe.

Ndiyo maana nikipewa mchoro wa kituo chochote cha majambazi wa kale, sihesabu kwanza vibao vya kupigwa. Nahesabu vyeupe na kuangalia vimekaa wapi. Mbunifu mvivu huviweka pembeni kama maua, kwa sababu kanuni zinaruhusu. Mbunifu hodari huviweka pale ambapo tamaa ya sekunde itamfikisha mlengaji. Kwa IPSC kugonga cheupe ni kukatwa alama 10. Kwa IDPA ni sekunde 5. Ni adhabu ndogo, na inatosha kumshusha bingwa hadi katikati ya orodha.

Jengo la Biograph lingali limesimama Lincoln Avenue. Risasi za usiku ule hazikumpata Dillinger peke yake. Wanawake wawili wapita njia walijeruhiwa pia, na katika vituo vyote vya Biograph nilivyowahi kuona vimechorwa, hawamo. Ukialikwa siku moja kutazama mashindano ya namna hii, subiri mlengaji wa mwisho amalize, refa atangaze uwanja ni salama, kisha nenda langoni ukahesabu matundu kwenye vibao vyeupe.